Shadya wa Kwenye Kadi

"Damu si kanga, dada Rahila, nikuazime uende nayo harusini, kesho uniletee imefuliwa na kupigwa pasi!"

Mboni alikuwa amesimama katikati ya ua, buibui bado mwilini, kikapu cha ukili bado begani, kama mtu aliyekuja kudai chake. Rahila hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, na kila neno la Mboni alilijibu kwanza kwa mkuno mmoja mrefu, ndipo akalijibu kwa mdomo.

"Punguza sauti. Majirani hawajaalikwa."

"Na waje! Mtaa huu wanaojua ni wengi kuliko wasiojua."

"Nilichokuomba ni kitu kidogo. Unaketi, unafumba macho, unachomwa sindano, unatoka. Dakika tano."

"Dakika tano kwa jina la nani?"

"Kwa jina lililoandikwa kwenye fomu."

"Yaani lako."

"Langu ndilo lililoandikwa."

"Basi kachomwe wewe."

Nazi ilikuwa imekwisha zamani. Meno ya mbuzi yalikuwa yanakwaruza kifuu kitupu. Rahila akakitupa chini.

"Na picha je?" Mboni hakumpa nafasi ya kuhema. "Umesema picha zinabandikwa. Sura yangu ikae juu ya jina lako? Siku ya kupanda ndege, Rahila atakuwa mimi au wewe?"

"Picha nitapeleka zangu. Daktari mwenyewe mzee, na buibui zetu zote nimezishona mimi kwa cherehani ile ile. Ataona nini?"

Mboni akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa nyuma ya kiganja. Rahila alikichukia kicheko hicho tangu siku ya kwanza, na alikichukia zaidi kwa sababu ndani ya nyumba hii palikuwa na mtu mwingine aliyecheka vivyo hivyo.

"Mume ulikuwa naye kabla yangu, sikukulaumu," alisema Mboni. "Mtoto ukamchukua, nikanyamaza. Sasa unataka na damu. Utanibakishia nini, dada? Mifupa?"

Rahila alijipangusa mikono kwa upindo wa kanga, akaichukua barua iliyokuwa juu ya jamvi, akamtupia. Mboni akaiokota, akaisoma akiwa wima, midomo ikicheza.

Barua ilikuwa ya Soud, mume wao wote wawili. Aliondoka mwaka wa themanini na nne, wakati hata mche wa sabuni ulikuwa wa kupangia foleni. Alikuwa kuli bandarini; akapata kazi ya jikoni katika meli ya mizigo, akasema ni safari mbili tatu tu, kisha akateremkia Cardiff, Uingereza, akabaki huko miaka kumi. Sasa alikuwa amepata karatasi za ukaazi. Aliwataka mkewe na binti yake wamfuate. Ila watu wa ubalozi, aliandika, siku hizi hawaamini cheti cha kuzaliwa kinachotoka Afrika. Wanataka damu ya baba, ya mama na ya mtoto, zipelekwe kwenye mashine ya kipimo kinachoitwa DNA, kinachosema nani ni wa nani. Yeye ameshatoa yake. Hapo Tanga ameteuliwa Daktari Fanueli. "Ni jambo dogo, Rahila. Wewe na mwanetu muende tu mkatoe."

"Jambo dogo!" Mboni aliirudia kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha. "Dada, huyu mwanamume amesahau."

"Amesahau nini?"

"Amesahau nani alizaa."

Kwa muda mfupi walitazamana, na pembe za midomo yao zikataka kulegea. Kama ingekuwa habari ya mume wa mwanamke mwingine, wangecheka mpaka wakae chini. Lakini Mboni aliikunja barua, akaiweka juu ya kifuu, akasema kwa sauti ya chini iliyomtisha Rahila kuliko zile kelele:

"Mkono wangu nitautoa. Leo hii hii. Lakini juu ya hiyo damu liandikwe jina langu, Mboni, mama mzazi. Usipotaka, narudi kwetu Kigombe, na mtoto hatakwenda kokote. Nitamngoja atoke shule. Leo siondoki bila kumwona."

Akavua buibui, akaketi jamvini, akaanza kuchambua mchele wa Rahila bila kuombwa.

*

Rahila alikusanya karatasi zote katika mfuko wa rambo, akatoka. Alitembea haraka, kama alivyofanya kila kitu. Maduka ya Ngamiani yalikuwa yamejaa hadi barazani: vitenge, redio, mafuta ya kupaka ya rangi kumi, na marundo ya mitumba ambayo yalimfanya yeye, fundi wa sare na magauni, siku hizi ashone mapazia. Kila kitu kilikuwapo sasa. Ilikuwa vigumu kumweleza mtoto wa leo kwamba ule mwaka aliozaliwa yeye mji huu mzima ulikuwa unaulizana sukari.

Januari ya themanini na mbili Rahila alizaa binti kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi cha kuenea katika viganja viwili vya Soud. Siku ya saba wakamwita Shadya. Jina likaandikwa kwenye kadi ya kliniki, likapelekwa bomani kukatiwa cheti, na balozi wa nyumba kumi akaliingiza katika orodha ya kaya ili kile kiumbe, ambacho hata kunyonya hakijajua vizuri, kihesabiwe katika mgao wa sukari na unga wa njano. Siku ya kumi na mbili mtoto akafa. Wakamzika. Kwenda kumfuta kwenye orodha, hakuna aliyekwenda. Nani angekwenda? Watu walikuwa wanaandikisha hata wageni waliokwisha kurudi kwao. Kumwondoa mtu kwa hiari yako, mwaka ule, kungeonekana wazimu.

Siku nne baadaye mama mkwe wake, marehemu Bi Mize, aliingia na furushi. Ndani ya furushi mlikuwa na mtoto wa wiki sita, mnene, analia kwa njaa. Hivyo ndivyo Rahila alivyojua kwamba mumewe ameoa Kigombe. Hakuambiwa, aliwekewa mapajani.

"Mama yake ana majipu ya maziwa, kalazwa, homa haishuki," alisema Bi Mize. "Maziwa ya kopo hakuna kutoka hapa mpaka Horohoro. Na wewe kifua kimekujaa kinakuuma. Mnyonyeshe, mwanangu, kisha ugombane na Soud ukipenda."

Rahila akamnyonyesha huku anamchukia. Hilo lilidumu kama wiki moja. Kisha mchana mmoja alishtuka kujikuta anamwimbia. Jina la Sabiha, alilopewa mtoto kule Kigombe, likabaki Kigombe. Kadi ilikuwapo, cheti kilikuwapo, nafasi katika orodha ilikuwapo. Mtoto akaingizwa humo kama mguu unavyoingizwa katika kiatu cha mwingine, na kiatu kikaenea.

Mwezi wa tatu Mboni, amepona, amekonda, shingo imemtoka, alikuja kumchukua mwanawe. Rahila alimzuia mlangoni. Alisema mtoto ana surua, haifai aonwe na mtu aliyetoka wodini. Mboni akarudi. Mtoto hakuwa na surua. Alikuwa chumbani amelala, tone la maziwa bado shavuni.

Mboni alikuja tena, na tena, na kila mara alikuta sababu. Soud alisema tusimvuruge mtoto. Bi Mize alisema ngojeni aache ziwa. Mtoto alipoacha ziwa, alikuwa amekwisha kumwita Rahila mama. Mboni akawa mama mdogo wa Kigombe, mgeni wa Iddi, aletaye dagaa wakavu na kuondoka kabla ya alasiri.

Wivu wa Rahila haukuwa wa mume. Wa mume ulikwisha zamani, kama sabuni inavyokwisha, kwa kutumika. Wivu wake ulikuwa wa vidole vya miguu. Shadya alikuwa na kidole cha pili kilichokipita kidole gumba kwa urefu, mguu wa kulia na wa kushoto, na Mboni hivyo hivyo. Rahila alikigundua kidole hicho mtoto akiwa na mwaka mmoja, na tangu hapo, kila Iddi Mboni alipokuja, Shadya alivalishwa viatu vya kufunika na soksi, hata katika joto la kupasua vichwa. Watu walimsifu kwa kumtunza mtoto. Naye alizipokea sifa.

*

Daktari Fanueli, Mshambaa wa Lushoto, alikuwa amestaafu serikalini na kufungua zahanati yake tangu ziliporuhusiwa za watu binafsi. Ilikuwa na benchi moja na feni moja, na ukutani palining'inia kalenda ya usharika wake wa Kilutheri.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama Shadya. Mbona peke yako? Nilisema mama na mtoto."

"Nimekuja kuuliza kwanza."

"Uliza."

"Hiyo DNA inaona nini?"

Mzee alivua miwani. "Kila mtu nusu yake imetoka kwa baba, nusu kwa mama. Mashine inazitazama nusu za mtoto, inatafuta zimetoka kwa nani. Haisomi fomu. Haijui Kiswahili wala Kiingereza. Huwezi kuibembeleza."

"Na maziwa?"

"Maziwa gani?"

"Mtoto aliyenyonya miaka miwili na ushei." Rahila alikuwa ameyabeba maneno haya kwa siku tatu, na sasa yalimtoka kwa haraka. "Maziwa si damu hiyo hiyo, imebadilika rangi tu? Kwetu aliyenyonya ni mtoto wako. Ukizaa wa kiume, haozwi huyo. Sheria inawakataza kama inavyowakataza wa tumbo moja. Sasa kama sheria inayaona maziwa, mashine itakosaje kuyaona?"

Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake la akiba. Kama Mboni angekataa, angekuja mwenyewe, angenyoosha mkono, na angeyaachia maziwa yajisemee.

Daktari hakucheka. "Maziwa yamemjenga mifupa, yamemwepusha na maradhi mengi. Sheikh wako hakukosea na wala mimi sibishani naye. Lakini mashine haiyaoni, mama. Yamefanya kazi yake, yamepita."

Rahila alitazama feni ikizunguka. Kisha, kutoka mahali fulani penye giza ndani yake, likatoka swali ambalo hakuwa amelipanga.

"Na ikionekana baba si baba?"

Palikuwa na maneno zamani. Dereva mmoja wa lori, Msafiri, aliyekuwa anavusha sabuni za magendo kutoka mpakani Horohoro, inasemekana alikuwa akipumzika Kigombe zaidi ya ilivyohitajika. Rahila hakuyaamini maneno hayo wala hakuyatupa. Aliyahifadhi, kama mtu anavyohifadhi kisu ambacho hana cha kukata nacho. Sasa alipouliza, utamu wa ajabu ulimpanda mdomoni. Mashine ingesema, na Mboni angekuwa hana mume, hana mtoto wa mume, hana neno la kujibu. Kicheko kile cha nyuma ya kiganja kingekoma.

"Hapo mtoto haendi kokote," alisema daktari. "Na baba yake wa miaka kumi na miwili anakuwa mtu baki. Ndilo unalolitaka?"

Utamu ukageuka. Rahila aliubana mfuko wa rambo mapajani.

"Nipe hizo karatasi."

Akampa mfuko. Daktari aliweka cheti kando, akafungua kadi ya kliniki iliyochakaa mikunjo, akaisogeza dirishani. Alivaa tena miwani, akapitisha ncha ya kalamu juu ya mstari wa uzito.

"Tarehe tatu Januari, kilo mbili na robo. Tarehe kumi, kilo mbili. Anashuka." Kalamu ikasimama. "Halafu hapa ishirini na nne Januari, kilo nne na nusu."

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa ananadi mahindi ya kuchoma.

"Nimepima watoto wa mkoa huu miaka ishirini na sita," alisema daktari polepole. "Mtoto anayeshuka namna hii hapandi namna hii kwa wiki mbili. Wauguzi walikuwa na foleni ndefu, hawakutazama. Mimi sina foleni. Kadi hii ina watoto wawili, mama Shadya."

Miaka kumi na miwili Rahila aliogopa mtaa, akaogopa Mboni, na wiki hii ameogopa mashine ya ng'ambo. Kumbe ushahidi alikuwa nao mwenyewe sandukuni, ameukunja vizuri pamoja na nguo za Iddi, ameuleta hapa kwa mkono wake.

"Wa kwanza alikufa," alisema. "Tarehe kumi na tano. Alikuwa na siku kumi na mbili."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka tarehe hiyo kwa mtu. 

Daktari alifunga kadi. "Nisikilize. Fomu yako bado sijaituma. Karatasi ikisahihishwa kabla ya damu, nitaandika barua ya maelezo, niseme ni makosa ya nyakati za dhiki. Wataelewa, au angalau watauliza. Ikigunduliwa baada ya damu, wataita uongo, na atakayeadhibiwa ni mtoto. Aliyemzaa yuko hai?"

"Yuko nyumbani kwangu. Anachambua mchele."

"Basi mlete, aandikwe yeye. Lakini cheti hiki ni cha marehemu. Siwezi kumpa mama mwingine mtoto aliyekufa. Nendeni kwanza bomani mkaandikishe kifo, na huyu aliye hai akaandikishwe upya. Mje na stakabadhi zenu. Sanduku la damu linakwenda Dar es Salaam kesho asubuhi."

"Na mimi je? Nikishafutwa?"

"Wewe ni mke. Cheti cha ndoa unacho. Wewe hukuhitaji damu hata siku moja."

Rahila alibaki na mfuko wa rambo mikononi. Kwa hiyo safari yake haikutegemea sindano. Alichokuwa anakipigania tangu barua ifike Ijumaa, kilichomfanya atake kumvalisha mwenzake jina lake, kilikuwa neno moja tu katika mstari mmoja wa fomu: mama.

*

Alipofika nyumbani saa nane ilikuwa imepita. Hakubisha. Kutoka ukumbini aliwaona uani kabla hawajamwona.

Shadya alikuwa amerudi shule. Alikuwa ameketi jamvini, mgongo kwa Mboni, na Mboni anamsuka. Sare ilikuwa imening'inizwa kambani, viatu vimevuliwa na kuwekwa kando, soksi zimeingizwa ndani ya viatu. Miguu yao minne ilikuwa imenyooshwa juani sambamba, na vidole vile virefu vilisimama vyote kama watu wa ukoo mmoja waliojipanga kupigwa picha.

"Geuka kidogo," alisema Mboni, kisha kwa sauti ya chini, kama anayejaribu mlango ambao hana hakika kama umefungwa, "Sabiha."

Na mtoto akageuka. Hakuuliza.

 Miaka kumi na miwili ya uji, ya homa, ya daftari na ada na chawa na nguo za sikukuu. Na mwanamke huyu kwa mchana mmoja, kwa chanuo moja, amepata kugeukiwa. Alitamani atoke pale, arudi kwa daktari mbio, atie neno moja tu sikioni mwake: Msafiri. Neno lilikuwa tayari ulimini. Aliliona hata lilivyo, dogo, safi, lisiloacha alama ya mkono. Mashine ingefanya mengine.

Mboni alifika kwenye sikio la mtoto, akalikunja kwa vidole viwili ili asimvute nywele. Alilikunja taratibu mno, kwa woga, kama mtu anayeshika chombo cha watu dukani. Hivyo ndivyo anavyomshika mwanawe, Rahila aliwaza, kama ameazimwa. Na akauona ule mlango wa mwaka wa themanini na mbili, na shingo iliyokonda ikirefuka kuchungulia juu ya bega lake, na akajisikia mwenyewe akisema: surua.

Akatoka uani.

"Jina la baba yako nani?"

Mboni aliruka, chanuo likaanguka. "Baba yangu mimi?"

"Si wewe ndiye unayetaka kuandikwa? Karani atauliza."

"Hatibu," alisema Mboni. "Hatibu wa Shaib." Aliendelea kumtazama Rahila kama mtu anayengoja kofi lifuate.

"Vaa buibui yako. Bomani wanafunga saa tisa na nusu, na mimi sikimbii na mtu anayejivuta. Kisha kwa daktari, wote." Akamgeukia mtoto. Alikuwa mwanamke asiyejua kuzunguka, na hata sasa hakuzunguka. "Shadya, huyu ndiye aliyekuzaa. Mimi nilikunyonyesha. Ilipaswa uambiwe mapema, sikutaka."

Mtoto alijishika nywele, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama.

"Najua, mama."

"Nani kakwambia? Majirani?"

"Hakuna." Shadya alitazama chini. "Kila akija mama mdogo unanivalisha viatu. Wageni wengine hunivalishi. Nikawa najiuliza kuna nini miguuni kwangu. Iddi iliyopita yeye alivua vyake mlangoni."

Mboni alifunika mdomo kwa nyuma ya kiganja, lakini safari hii hakuwa anacheka. Machozi yalimtoka kwa wingi, bila aibu, na Rahila akamwonea wivu hata machozi.

"Basi na mfunge huo mdomo twende," alisema.

Shadya aliinuka, akaelekea kwenye viatu vyake vya shule.

"Achana navyo," alisema Rahila. "Vaa malapa."

*

Bomani palikuwa kimya, mafaili yamepangwa hadi dirishani. Karani wa vizazi na vifo, binti wa Kibondei mwenye kadi ya jina iliyoandikwa Ruthi, alikuwa anakusanya mihuri yake tayari kwa kufunga. Aliwatazama: wanawake wawili wa makamo wenye buibui zilizoshonwa na mkono mmoja, na msichana katikati yao, kichwa kimesukwa nusu.

"Kizazi au kifo?"

"Vyote viwili," alisema Rahila. "Anza na kifo."

Binti akashusha pumzi, akafungua daftari kubwa. "Jina la marehemu?"

Rahila aliegemea kaunta. Alikuwa na hakika angelisema kwa urahisi; alikuwa ameliita jina hilo kila siku ya maisha yake, kwa upendo, kwa hasira, kwa kupayuka kutoka uani hadi barabarani. Sasa lilikataa kutoka. Alihisi mkono mdogo ukiingia katika kiganja chake kutoka upande wa kulia. Hakutazama ulikuwa umeacha mkono wa nani.

"Shadya," alisema. "Shadya binti Soud."

Karani akaandika. "Umri?"

"Siku kumi na mbili."

"Tarehe?"

"Kumi na tano Januari, mwaka wa themanini na mbili."

Kalamu ikasimama. Binti aliinua uso, akamtazama yeye, akamtazama Mboni aliyekuwa bado anafuta macho, kisha akamtazama msichana na malapa yake.

"Themanini na mbili! Miaka kumi na miwili, mama? Mlikuwa wapi siku zote hizo?"

"Tulikuwa tunamlea," alisema Rahila. "Andika."